Kuhama na Kuhamia

Mwanafunzi wa Kiingereza hutatizwa sana na maneno mawili, 'emigrant' na 'immigrant', kwani sikioni hayaachani mbali. Sisi walimu humjibu upesi kwamba la kwanza ni mtu atokaye nchini mwake, na la pili ni mtu aingiaye nchi ya wenziwe. Kiswahili nacho hupambanua jambo hilo kwa irabu moja tu: kuhama na kuhamia. (Mhamaji tumezoea kumwita mfugaji asiyetulia mahali pamoja, hilo tuliache.) Ahamaye huonekana na waliobaki nyuma, ahamiaye huonekana na mwenyeji anayempokea, au anayemzuia.

Lakini mtu mwenyewe ni mmoja. Tumtazame Mbajuni wa Kudhaa, kimojawapo cha visiwa vilivyo kusini ya Kismayu. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na vita vikaenea, Wabajuni wengi walipanda mashua na majahazi wakakimbilia Kenya. Wengi wao waliishi kambini Jomvu, karibu na Mombasa, na baadhi yao hatimaye wakafika Uingereza. Kwa jamaa zake wa Kudhaa, mtu huyu amehama: ameacha nyumba, chombo na makaburi ya wazee. Mbele ya ofisa wa Uingereza yeye ni mhamiaji, mpaka athibitishe alikotoka.

Na ulimi wake hutakiwa utoe ushahidi. Mwaka 2004 baraza la rufani za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo uliohusu uwezo wa kusema Kibajuni. Hatukatai kwamba lahaja ni ushahidi; kazi yetu yote inasimama juu ya imani hiyo. Ila, je, mtoto aliyeondoka Kudhaa akiwa na miaka mitano, akakulia Mombasa, na leo anasema Kimvita cha wenzake wa mtaani, ulimi wake umesema uongo? La hasha. Umeulizwa alikohama, nao umejibu alikohamia.

Nasi walimu hatujitoi lawamani. Ni wangapi kati yetu waliomkosoa mtoto wa pwani ya kaskazini kwa kusema 'ndia' badala ya 'njia', mbele ya darasa zima, mpaka akaona haya, na tangu siku hiyo asiitamke tena ila nyumbani kwa mamake?