Ajali Imeandikwa, Na Dawa Je?

Wako wenye maradhi ya kisukari ambao wakihimizwa kunywa dawa hujibu: "Ajali imeandikwa, dawa haiongezi umri." Maneno haya yana sura ya imani, na kwa hiyo ni taabu kuyajibu. Walakini huyo huyo ayasemaye hufunga mlango wake usiku kwa komeo, wala havuki barabara ila kwanza atazame huku na huku. Mbona huko haitaji ajali?

Sababu ni kuwa gari humtisha mtu kwa ngurumo yake, na kisukari cha aina ya pili aghalabu hakiumi. Huharibu mishipa ya damu miaka mingi, na mwenyewe ala, alala, acheka. Kisha kinachomuua mara nyingi ni moyo, au kiharusi, au figo. Na presha, mafuta ya damu na tumbaku huzidisha khatari hiyo.

Katika hospitali ya Steno, jirani na mji wa Copenhagen huko Denmark, walitwaliwa wagonjwa 160 wa kisukari hiki, ambao figo zao zilikwisha anza kupitisha protini katika mkojo. Mwaka 1993 waligawanywa kwa kura, 80 na 80. Kundi la kwanza walitibiwa kwa desturi ya siku zile. La pili walikaziwa yote pamoja, sukari, presha, mafuta, chakula, mazoezi na kuacha sigara, kadiri ya miaka minane. Baadaye wote walipewa matibabu hayo ya kukaza. Ilipotimia miaka 21, katika kundi la kwanza walikuwa wamekufa 55, na katika la pili 38. Na maisha ya hawa wa pili, kwa kipimo cha katikati, yalizidi kwa miaka 7.9.

Kura haikumtazama mwema wala mwovu. Akisemwa kuwa wale 17 waliandikiwa kuishi, ni kweli. Bali waliandikiwa na dawa pia. Ni nani basi aliyemfunulia daftari huyu wa komeo, akaona kuwa yeye hakuandikiwa?

Ni kweli kuwa 38 walikufa na dawa zao. Wala hapana awezaye kumwonyesha mmoja kwa kidole, akasema, "Huyu ameokolewa na vidonge". Faida hii huonekana kwa hesabu ya wengi tu, na hapo ndipo nafsi ipatapo pa kujificha. Mwenye kuacha dawa hakioni akipotezacho. Na mkewe, ambaye ndiye atakayekaa eda, hakuulizwa rai yake.