Basset Alipoacha Kuwinda

Mbwa wawili, babu mmoja. Wote asili yao ni mbwa wa kunusa wa Artois na Normandie, kaskazini mwa Ufaransa, na ukiwasimamisha pamoja utaona hawafiki goti la mtu mzima. Wa kwanza, Basset Artésien Normand, alibaki kwao. Ana kilo 15 hadi 20, na hadi leo anaingizwa vichakani kuwafukuza sungura. Wa pili alivushwa kwenda Uingereza, akaitwa Basset Hound. Huyu kufika kilo 25 au 30 si ajabu, masikio yanaburuta chini, macho mekundu yamelegea, na ngozi ya vifundoni imejikusanya kama soksi iliyokatika mpira.

Hizo kilo kumi hakuna aliyeziamuru. Ziliingia kidogo kidogo, kwa makofi na vikombe.

Tuanze na miguu, maana ndiyo watu huicheka kwanza. Miguu mifupi ya basset haikuwa pambo. Mwaka 1561 Jacques du Fouilloux, mtu wa Poitou, alichapisha *La Vénerie*, kitabu cha uwindaji alichomtunukia Mfalme Charles IX. Humo basset wanaonekana wakifanya kazi ya kumfuata mbweha, na yule mnyama wa mashimoni wa ukoo wa nyegere, hadi chini ya ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1789, uwindaji ulipoacha kuwa haki ya makabaila peke yao, mtu wa kawaida asiye na farasi akahitaji mbwa atakayeweza kwenda naye kwa miguu. Mbwa mrefu humwacha mwindaji nyuma, akabaki kusikia sauti kwa mbali. Basset huenda polepole, pua chini, akitoa mlio mzito ambao mwindaji huusikia hata akiwa ng'ambo ya kichaka.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walieleza chanzo cha miguu hiyo. Jeni iitwayo FGF4 ilijinakili, nakala ikajipachika pasipo pake, nayo hufanya mifupa mirefu ya miguu iache kurefuka mapema. Kwa hiyo mbwa anabaki na kichwa na kiwiliwili cha mbwa mkubwa juu ya miguu ya kijeba. Mwaka 2017 nakala ya pili ikagunduliwa kwenye kromosomu ya 12. Hii, mbali na kufupisha miguu, huvikausha kabla ya wakati vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Mwindaji wa Poitou hakujua lolote kuhusu jeni, lakini alikuwa na kipimo chake: mbwa asiyeweza kutembea kutwa nzima hakuzalishwa. Kipimo hicho hakikuandikwa popote, na ndiyo maana kilipoondoka hakuna aliyekikosa.

Kiliondoka lini? Nikilazimishwa kutaja mwaka, nitasema 1874. Katikati ya karne ya 19 koo mbili za basset ndizo zilizokuwa zikisifiwa Ufaransa, ya kabaila Le Couteulx de Canteleu na ya Bwana Lane wa karibu na Rouen. Lord Galway wa Uingereza alikwisha kuingiza wawili mwaka 1866, ila hawakuvuma. Mwaka 1874 kijana mmoja, Everett Millais, mtoto wa mchoraji maarufu John Everett Millais, akiwa hata miaka ishirini hajatimiza, alimwona basset kwenye bustani ya wanyama ya Jardin d'Acclimatation mjini Paris. Akamnunua, akamwita Model, na mwaka uliofuata akampeleka kwenye maonyesho ya mbwa.

Hapo ndipo kazi ya basset ilipobadilika, na mwenyewe hana habari. Mbwa aliyekuwa akipimwa kwa sungura aliowatoa, sasa anapimwa na mtu aliyesimama kwenye zulia. Mwaka 1880 Millais alipeleka basset wengi kwa pamoja kwenye maonyesho ya Wolverhampton, watu wakawafurahia. Mwaka 1884 kikaundwa chama cha wafugaji wake. Alexandra, mke wa mrithi wa ufalme na baadaye malkia, akawafuga, na kitu kinachopendwa ikulu hakikosi wateja mjini.

Ila mbwa wenyewe walikuwa wachache. Tangu mwanzo Millais alimpandisha Model kwa jike wa Beagle, kwa kuwa jike wa aina yake hakuwepo. Wengine walipoletwa kutoka Ufaransa, walikuwa wa koo zilezile chache, na wafugaji wakawa wanazungushia damu hiyohiyo: baba kwa binti, kaka kwa dada, mjomba kwa mpwa. Matokeo anayajua yeyote aliyewahi kuacha beberu mmoja zizini miaka mingi. Majike wakawa hawashiki mimba, watoto wakafa kwa maradhi, waliobaki wakawa wadogo na dhaifu. Millais, ambaye hakuwa mtu wa kujidanganya, alikiri kwamba tatizo ni kuzaliana wenyewe kwa wenyewe, na katika miaka ya 1890 akafanya jambo lililowashangaza wenzake. Alichukua mbegu za basset wake na kumpandikizia jike wa Bloodhound kwa mkono, kwa kuwa kwa urefu wao wasingeweza kupandana kirahisi. Wakazaliwa watoto machotara. Aliporudisha machotara hao kwa basset, vizazi vichache tu vikatosha kurejesha umbo na rangi ya basset, nguvu ikiwa imeongezeka.

Wapo wanaomlaumu Bloodhound kwa mikunjo ya Basset Hound wa leo. Naona wanamwonea. Damu iliyoingia mara moja hupungua kila kizazi, isipokuwa mtu akae akiichagua. Mikunjo ilibaki kwa sababu kila mwaka kulikuwa na mtu wa kuichagua.

Kuna kipande cha kisa hiki ambacho wapenda mbwa hukiruka. Millais aliweka daftari la nasaba kwa uangalifu mkubwa, na daftari hilo likaangukia mikononi mwa Francis Galton, mtu yuleyule aliyebuni nadharia ya kuboresha wanadamu kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Mwaka 1897 Galton alitumia rangi za basset 817 kujenga kanuni yake ya urithi: kila mzazi anachangia robo, kila babu na bibi sehemu moja ya kumi na sita, na kuendelea. Kanuni hiyo haikusimama mbele ya kazi za Mendel zilipofufuliwa mwaka 1900. Millais alifariki mwaka huohuo wa 1897, akiwa na miaka 41. Nikifikiria daftari lile huniuma jambo moja: lilimfaa mwanasayansi kwa sababu ya rangi. Nani ana madoa ya njano, nani ana rangi tatu. Rangi ya koti, kati ya mambo yote ya mbwa yule, ndiyo ya mwisho kumsumbua.

Waingereza wenyewe waligawanyika. Ndugu wawili wa ukoo wa Heseltine walianzisha kundi la Walhampton la kuwinda kweli, wakitaka mbwa anayekimbia. Upande wa pili wakabaki watu wa maonyesho. Chama cha mwanzo kilivunjika mwaka 1921, kingine kikaundwa 1954, na damu mpya ikabidi ifuatwe tena Ufaransa kwa wale Artésien Normand waliokuwa wangali wanawinda. Yaani kila nyumba ilipokaribia kuporomoka, matofali yaliombwa kwa jirani ambaye hakuwa na muda wa maonyesho.

Sasa, jaji wa maonyesho si mtu mbaya. Kanuni iliyoandikwa inamwambia masikio ya basset ni marefu na ngozi ni legevu. Mbele yake wako mbwa kumi, wote wana masikio marefu na ngozi legevu. Amtoe nani? Anayemshangaza kidogo kuliko wenzake. Mwakani watoto wa mshindi wako zuliani, na wa kushangaza lazima azidi hapo. Hakuna hatua hata moja inayoonekana kuwa ya kupita kiasi, na hilo ndilo linaloogofya. Mwezi Machi 2012, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, Uingereza, madaktari wa mifugo walianza kuwakagua washindi wa aina 15 za mbwa zilizotiliwa wasiwasi wa afya. Washindi wa aina sita walikataliwa kuendelea, na Basset Hound alikuwa mmojawapo. Baadhi ya wafugaji walikasirika. Kwa macho yao mbwa yule alikuwa mzuri, na walikuwa wakisema kweli: macho yao yalikwisha kuzoea.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa basset hata ndani huhitaji kufika. Inua sikio. Ni zito, lina joto, na upande wa ndani hauna upepo. Lile bamba la ngozi limefunika tundu usiku na mchana, na likiachwa siku kadhaa hutoa harufu ya chachu, kisha uchafu wa kahawia, kisha mbwa anaanza kutikisa kichwa. Ncha ya sikio nayo huingia kwenye bakuli la chakula, ikitoka inafagia sakafu. Anayemfuga lazima ayainue na kuyafuta masikio hayo kila wiki kwa dawa aliyopewa na daktari wa mifugo, ayakaushe, na asithubutu kuchokonoa ndani kwa kijiti cha pamba. Baada ya masikio yafuate makunyanzi ya midomo na miguu, ambako unyevu hujificha na fangasi hustawi. Kisha macho. Kope la chini likilegea sana, ule wekundu watu wanaouita huzuni ni utando ulioachwa wazi kwa vumbi.

Mgongo ndio ghali zaidi. Mbwa mrefu wa kiwiliwili, mzito wa mbele, mwenye visahani vilivyokauka mapema, hapaswi kuruka kutoka kwenye kochi wala kupanda ngazi kila siku akiwa mtoto. Anyanyuliwe kwa mikono miwili, mmoja kifuani, mmoja chini ya nyonga. Na apimiwe chakula. Hapa wengi huanguka, kwa sababu basset anajua kuomba. Anakaa mbele ya meza, anakutazama kwa macho yale, na mtu anajiona katili. Kilo tatu za ziada kwa mbwa huyu ni mzigo unaobebwa na miguu iliyokwisha kupinda. Chakula kigawanywe mara mbili au zaidi kwa siku, kwa kuwa mbwa wa kifua kirefu kama huyu tumbo huweza kujaa gesi na kujisokota, na hilo likitokea ni suala la saa, si la siku. Majini pia asiachwe peke yake. Mbele kuzito, nyuma kwepesi, anazama.

Tabia yake ni njema, tena sana. Alilelewa kuishi na kundi, hivyo hagombani ovyo na mbwa wenzake, na watoto anawavumilia. Ila tangazo la biashara lilimfanyia ubaya. Tangu 1958 kampuni ya viatu vya Hush Puppies imemtumia kuwa nembo ya starehe, na miaka miwili kabla yake Elvis Presley alimwimbia basset aliyevalishwa kofia kwenye televisheni ya Marekani. Watu wakaona mbwa mvivu, mwenye sura ya kuchekesha, wa kukaa kibarazani. Wakamnunua, wakamfungulia geti.

Pua yake ni miongoni mwa zile kali kabisa kati ya mbwa wote. Akishashika harufu, jina lake halisikii tena. Anainamisha kichwa na kwenda, akivuka barabara bila kutazama, na mwenye nyumba anabaki akiita. Huo si ukaidi. Kwa zaidi ya miaka mia nne alizalishwa ili asiache njia ya harufu hata mtu akimwita. Ua imara na kamba ndefu havina mbadala kwake. Akiachwa peke yake kutwa nzima hulia, kwa sauti ileile iliyokusudiwa kuvuka msitu, na majirani wa ghorofa hawakukusudiwa.

Kwetu huku mbwa wa kunusa anafahamika zaidi kwa binamu yake. Katika hifadhi ya Lewa, Kenya, Bloodhound wanatumika kufuata nyayo za majangili. Sura yao nayo ni ya mikunjo, lakini pale kila mbwa ana siku ya kuulizwa kama anaweza kutembea juani hadi mwisho wa njia. Basset wa sebuleni haulizwi.

Kwa hiyo anayemtaka kweli, iwe Nairobi, Paris au London, amuulize mbwa mwenyewe. Asimchague mtoto akiwa mapajani mwa muuzaji. Aombe kumwona mama, na aombe atembezwe mwendo wa maana, si hatua tano za sebuleni. Atazame kama tumbo liko juu ya ardhi kwa nafasi ya kupita mkono, kama miguu ya mbele inabeba au inachechemea, kama macho yamefumba sawasawa anapolala. Ainue masikio anuse. Aulize babu wa upande wa baba na babu wa upande wa mama ni mbwa wangapi, na jibu likiwa mmoja, aage kwa heshima aondoke. Muuzaji akisema mama hawezi kutembea leo kwa sababu ya joto, arudi siku ya mvua.