Kiapo cha mtoto kina uzito gani?

Mei 19, 1922 iliundwa huko Urusi jumuiya ya watoto iliyoitwa Mapioniya. Mtoto wa miaka tisa au kumi alivishwa skafu nyekundu, akasimama mbele ya wenzake na kuapa kuishi kama Lenin alivyousia. China iliunda yake 1949, Kuba 1961, na hizo mbili zipo hadi leo.

Ndugu zangu katika imani, sikusudii kuwacheka. Watoto hao walipata kambi za likizo, michezo na muziki, na wengi wao ukubwani wanazikumbuka siku hizo kwa furaha. Ninachouliza ni kile kiapo.

Chukua kisa cha Pavlik Morozov, mvulana wa kijiji cha Gerasimovka, eneo la Ural. Mwaka 1932 aliuawa msituni pamoja na mdogo wake. Ikatangazwa kuwa alikuwa amemshitaki baba yake mzazi kwa serikali, na jamaa zake wakamuua kwa kulipiza kisasi. Akajengewa masanamu, akawa kigezo cha kila pioniya. Wanahistoria waliochunguza baadaye wanatilia shaka sehemu kubwa ya habari hiyo, hata kama alikuwa pioniya kweli. Lakini ndivyo ilivyofundishwa kwa miaka mingi: mtoto mwema humtoa baba yake.

Tusikimbilie kusema kwetu hayo hayapo. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya wazazi. Aya hii imenishughulisha sana, na naona ufumbuzi uko katika kujua nani anaambiwa. Anaambiwa mukallaf, aliyebaleghe na mwenye akili. Mtoto kalamu imeinuliwa kwake. Kiapo chake hakimfungi, na akikivunja hana kafara. Mafaqihi wengi hawapokei hata ushahidi wake. Imam Malik aliupokea katika majeraha ya watoto wao kwa wao, tena kabla hawajatawanyika, yaani kabla mkubwa hajawafundisha la kusema. Sharti dogo hilo, lakini linamjua mtoto vizuri.

Utaniambia: na sisi je? Tunamwamrisha swala akiwa na miaka saba, tunampandisha jukwaani kwenye Maulidi akariri asichokielewa. Kweli, tunamzoesha. Hatumwandikii dhambi akikosea, wala hatumtenganishi na wazee wake. Katika Surat Luqman, hata mzazi anayemshurutisha mwanawe kwenye shirki hatiiwi kwa hilo, lakini anakaa naye kwa wema. Hakuna kosa kubwa kuliko shirki, na hata hapo mwana hakuambiwa awapeleke wazazi wake kwa mtu.

Hiyo ndiyo fiqhi. Katika vyuo vyetu mambo si hivyo kila mahali, na wengi wetu tutarudi makwetu likizo hii kusomesha. Nimemsikia ustadhi mmoja, mtu wa nia njema, akiwauliza watoto mbele ya darasa zima ni nani baba yake haamki kuswali alfajiri. Watoto wawili wakanyoosha mikono.