Maji Tuliyoyachafua, Nani Atayanywa?



Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, awakemea kondoo walionona. Walikunywa maji safi wakashiba, kisha wakayavuruga kwa miguu yao yale yaliyosalia, na wenzao walio dhaifu wakalazimika kunywa matope. Yafaa tujiulize kama kondoo hao si sisi.

Mtu asimamaye Olmotonyi, penye Chuo cha Misitu kilichoanzishwa mwaka 1937, hana haja ya kufafanuliwa maneno hayo. Nyuma yake mlima Meru wapanda kupita mita 4,500. Mbele yake nchi yateremka kwenye mashamba na makazi ya watu hata jiji la Arusha. Huko mto Themi wapita katikati ya jiji na kuingia Kikuletwa, na Kikuletwa humwaga maji yake katika bwawa liitwalo Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo maji hushika njia ya Pangani mpaka baharini. Kila akaaye juu ana jirani yake chini.

Zamani, nyumba zilipokuwa chache, shimo la choo lilitosha, na udongo ulifanya kazi ya kusafisha. Leo miji midogo imesongamana, wala haina mabomba ya maji taka. Shimo likijaa, wako wangojao mvua kubwa ya usiku ili watapishe choo. Asubuhi ua wao ni safi. Lakini uchafu ule umo katika mfereji unyweshao mchicha, umo katika ndoo ya mama achotaye bondeni. Ndipo huja kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu, na watoto wachanga hutangulia kaburini. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea mikoa mingi ya nchi yetu.

Tena dawa ipo. Maji taka huongozwa katika mabwawa yanayofuatana. Katika la kwanza, lenye kina kirefu, taka nzito huzama na kuozeshwa na vijidudu. Katika la pili, mwani hupokea mwanga wa jua na kutoa oksijeni, nayo husaidia kumaliza uozo. Katika la mwisho, lenye kina kifupi, jua huua vijidudu vya ugonjwa. Kazi hiyo haitaki mtambo mkubwa. Yataka ardhi, siku za kungoja, na mtu wa kuyatunza. Mabwawa ya Lemara yalipozidiwa na wingi wa watu, jiji la Arusha lilijengewa mengine makubwa huko Terrat. Mji mdogo waweza kuanza na karo lililojengwa vema, gari la kunyonya uchafu, na kitalu cha kokoto kilichopandwa matete.

Mtasema: gharama. Ni kweli, maskini hawezi peke yake. Ndiyo sababu jambo hili ni la kijiji kizima na la halmashauri. Nasi wa Kanisa tuanze nyumbani kwetu. Shule, hospitali na seminari hutoa maji machafu kuliko kaya nyingi kwa pamoja. Haifai tuhubiri upendo wa jirani mbele ya altare, na nyuma ya jiko letu mfereji unanuka.

Hata Waisraeli jangwani, yasema Kumbukumbu la Torati sura ya 23, waliagizwa kuchukua kijiti cha kuchimbia na kufukia uchafu wao, kwa kuwa Mungu alitembea kambini mwao. Mkristu huungama kuku aliyemwiba. Ni nani aliyekwisha kuungama choo alichokifungulia mvua ya usiku? Na hali amri ya tano yalinda uhai wa mtoto wa bondeni sawasawa na wa mtoto wetu.

Basi, jioni ya leo kila baba na kila mama azunguke nyuma ya nyumba yake, atazame maji yake yaelekea wapi, na amkumbuke ayangojaye huko chini na ndoo yake.