Unashindwa Kwenye Kiti, Si Kwenye Meza

Mdogo wangu, kipaji chako hakuna anayekibishia. Uliza Kisugu nzima, panda Muyenga, nenda Namuwongo, pita Kabalagala: kila anayejua meza ya pool anajua kwamba mkono wako ukitulia, mpinzani anageuka mtazamaji. Unavunja, unaisoma mipira kwa jicho moja, na kabla watu hawajamaliza kubishana ni nani ataanza na ipi, wewe umeshabakiza mpira mweusi peke yake. Lakini kila mtu analijua pia lile la pili. Ukikosa mpira mmoja rahisi, uso unabadilika. Fimbo inagongwa sakafuni. Mwamuzi anaambiwa hajui kazi. Mpinzani anatukanwa kwa kosa la kucheka na rafiki yake. Halafu mechi uliyokuwa umeishika inaondoka na mtu asiyekufikia hata nusu.

Nakuandikia wewe na wote wanaofanana nawe katika mitaa ya Kampala, kwa sababu inaniuma kuona vipaji vikubwa vikifia robo fainali.

Pool ina ukatili ambao mpira wa miguu hauna. Mchezaji wa mpira akipokonywa anamkimbilia aliyempokonya. Bondia akipigwa anajibu papo hapo. Wewe ukikosa, unakwenda kukaa. Unakaa na fimbo katikati ya magoti, muziki unapiga, wanywaji wanakupangia mpira ambao ungeupiga, na mtu aliye mezani anaweza kumaliza mipira yake yote pasipo wewe kuinuka. Hakuna unachoruhusiwa kufanya. Ni hapo, kwenye kiti, ndipo unaposhindwa. Unaanza kuhesabu: meza imelala upande mmoja, kitambaa kimechakaa, mwamuzi ni rafiki yao, mpinzani ana bahati. Pengine yote ni kweli. Ila hesabu hiyo haibaki kichwani, inashuka mwilini. Unapoinuka, mkono wa nyuma umeshaibana fimbo, bega limepanda, kiwiko hakipiti tena pale kinapopita siku zote. Ncha ya fimbo inaugusa mpira mweupe pembeni kidogo ya pale ulipolenga, na kosa hilo dogo linakua kadiri mpira unavyosafiri, hata ukifika shimoni unagonga kona na kurudi. Watu wanasema umekosa bahati. Bahati haikuhusika. Ulikosa ukiwa bado umekaa.

Na mchezo wetu wa meza ndogo hauna huruma kwa mwenye hasira. Ukifanya kosa, mwenzako anapata nafasi ya ziada. Ukiudumbukiza mweusi kabla ya wakati wake, umepoteza palepale, hata kama mpinzani bado ana mipira yake yote mezani. Pigo moja la ghadhabu linafuta mapigo kumi ya akili.

Nikupe habari za mtu aliyekuwa na mkono kama wako, tena kuuzidi. Earl Strickland, Mmarekani wa North Carolina, ametwaa U.S. Open ya mipira tisa mara 5, kati ya mwaka 1984 na 2000, na ubingwa wa dunia mara 3: 1990, 1991 na 2002. Mwaka 1996, mjini Dallas, waandaaji waliweka zawadi ya dola milioni moja kwa mchezaji atakayemaliza duru 10 mfululizo, yaani avunje, aingize mipira kwa mpangilio mpaka wa tisa, kisha arudie, mpinzani asipate pigo hata moja. Strickland alimaliza 11. Kampuni ya bima ilileta mvutano, na jambo hilo liliishia kwenye kesi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mikono yake.

Mdomo wake nao ulikuwa na kazi yake. Katika maisha yake yote ya ushindani Strickland amegombana na watazamaji, amegombana na waamuzi, amelalamikia meza, mipira na wapinzani mpaka katikati ya mechi. Kuna vijana wanaomjua kwa video za ugomvi tu, hawajui hata kikombe kimoja alichotwaa. Fikiria hilo kwa makini. Mtu amepiga mapigo ambayo wengine wangeyafanyia kazi maisha yao yote, na dunia inasimulia makelele yake.

Mwaka huohuo wa 1996 alikwenda Hong Kong kupambana na Efren Reyes, Mfilipino aliyekulia katika ukumbi wa pool wa mjomba wake mjini Manila, akilala juu ya meza usiku wateja wakishaondoka. Ilikuwa mechi ya siku 3, anayefikisha duru 120 kwanza anabeba dola 100,000 zote, mwingine anarudi mikono mitupu. Strickland alitangulia kwa mbali. Reyes alikosa mipira yake pia, na kila akikosa alifanya lile ambalo wapenzi wa pool wanamjua nalo: anajikuna kichwa, anatabasamu, anarudi kukaa. Mwishowe Reyes alishinda 120 kwa 117. Duru 237 zimechezwa, tofauti ni 3. Sisemi hasira ndiyo iliyomshinda Strickland, maana Reyes alikuwa Reyes. Ninachosema ni kwamba wachezaji wakifikia kiwango hicho mikono yao inalingana, na zile duru 3 zinatafutwa mahali pengine. Wewe unazitoa bure.

Najua utaniambia nini: moto huo ndio unaokufanya ucheze hivyo, ukiuzima utabaki mchezaji wa kawaida. Hilo umefundishwa na watu wa barazani, na sikubaliani nao kabisa. Wanaokushangilia unapovunja fimbo hawalipi fimbo mpya. Wanaosema "ndivyo alivyo, mwacheni" wakati unapotukana hawatakuwepo jina lako litakapokatwa kwenye timu. Wamekuja kuangalia, na ugomvi ni sehemu ya burudani yao. Ulimwengu wa snuka ulimfanyia hivyo Alex Higgins wa Belfast. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1972 na tena 1982, watu walijaza kumbi kwa ajili yake, na kila fujo yake ilizidi kumpa umaarufu. Mwaka 1986 alimpiga kichwa ofisa wa mashindano, akatozwa faini ya pauni 12,000 na kufungiwa mashindano 5. Hakurudi tena kuwa yule wa zamani. Alifariki Belfast mwaka 2010 akiwa na miaka 61, fedha zote zimekwisha.

Mwenzake wa kizazi kilichofuata alipita njia ileile, kisha akageuka. Ronnie O'Sullivan, Mwingereza ambaye mwaka 1997 alikusanya pointi 147 kwa muda wa dakika 5 na sekunde chache tu, Desemba 2006 alikuwa nyuma kwa fremu 4 kwa 1 dhidi ya Stephen Hendry, katika mechi ambayo mshindi alihitaji 9. Alimpa Hendry mkono akatoka ukumbini, mechi ikiwa bado mbichi. Ungedhani hadithi imeishia hapo. Lakini mwaka 2011 alikwenda kwa Steve Peters, daktari wa akili anayefanya kazi na wanamichezo, akaanza kujifunza jinsi kichwa chake kinavyomgeuka. Mwaka 2012 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2013 akawa tena. Akaongeza 2020, na 2022 akafikisha mataji 7 akiwa na miaka 46. Mkono wake alikuwa nao tangu utotoni, haukuongezwa kitu. Kilichoongezeka ni kwamba mwanaume mzima, bingwa tayari, alikubali kusema mbele ya mtu mwingine kwamba hapa najishinda mwenyewe, nisaidie.

Kama Uingereza ni mbali, basi Kololo ni karibu. Tarehe 26 Machi 2017, mbele ya maelfu ya Waganda, Joshua Cheptegei aliongoza mbio za nyika za dunia mpaka mzunguko wa mwisho. Alikuwa ameutoa mwendo wote mapema mno. Miguu ilikufa njiani, wakampita mmoja mmoja, akamaliza wa 30 nyumbani kwake, nchi nzima ikitazama. Aibu ya namna hiyo hujaipata wewe, na naomba usiipate. Akarudi mazoezini. Mwaka 2019 akatwaa mbio zilezile Denmark. Mwaka 2020 akaweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 na ya mita 10,000, kisha zikaja dhahabu za Olimpiki za Tokyo na Paris. Yale mapafu ya Kololo ndiyo yale ya Paris. Alichojifunza ni kugawa nguvu zake na kungoja, na kungoja ndiyo kazi hasa inayokusubiri wewe kwenye kile kiti.

Kuna jambo jingine linalonifanya nikusukume. Pool Uganda ina chama chake na ligi ya taifa, majina kama Rashida Mutesi na Mansoor Bwanika yanatajwa kwa heshima, na bado wazazi wengi wanaona meza ya pool ni kazi ya walevi na wavivu. Viongozi wa mitaa wamekuwa wakipiga marufuku pool kuchezwa asubuhi, na ukiwasikiliza sababu zao, utakuta picha waliyonayo kichwani ni yako siku unapogombana. Kuna mtoto wa miaka 14 Kisugu anayesimama mlangoni kukutazama. Mama yake akisikia fujo anamwita ndani. Ukicheza umetulia, unamfungulia yule mtoto mlango ambao hakuna hotuba itakayomfungulia.

Basi fanya kazi. Unafanya mazoezi ya kuvunja, ya kona, ya kurudisha mpira mweupe nyuma. Sasa fanya mazoezi ya kukaa. Tafuta mwenzako mwenye mkono mzuri, mwambie amalize meza mbele yako mara nyingi awezavyo, na wewe ukae bila simu na bila neno, macho kwenye mipira, ujifunze kitu kimoja katika kila pigo lake: ameuacha wapi mweupe, amekwepa nini. Macho yakipewa kazi, ile hesabu ya lawama inakosa nafasi. Toa pumzi polepole kuliko unavyoiingiza. Ukiinuka, paka chaki ukiwa umesimama mbali na meza, usiiname mpaka vidole vya mkono wa nyuma vimelegea. Vikikataa kulegea, simama tena, paka tena. Cheza kwenye baa yenye kelele kuliko zote unazozijua. Na weka sharti na wenzako hadharani: kila utakapotukana au kugonga fimbo, unalipia wadogo michezo ya jioni nzima. Mfuko unafundisha haraka.

Nawe nahodha wa timu yake, acha kumfunika kijana huyu. Unamjua, unampenda, unahitaji pointi zake. Mweke benchi mechi moja akivuka mpaka, hata kama mtapoteza. Mzee wa mtaa anayemheshimu naye amwite kando, amwambie ukweli kwa sauti ya chini, wala si mbele za watu.

Mdogo wangu, siku ya mechi utakosa mpira rahisi. Nakuhakikishia, utakosa; Reyes alikosa, O'Sullivan anakosa. Ukikosa, geuka, nenda kakae, mtazame mwenzako akipiga. Kisha akikosa naye, inuka ukaimalize meza.