Chombo cha Tiba ni Mali ya Nani?

Tumeulizwa mas-ala na kijana mmoja, fundi wa vyombo vya hospitali, nasi twaona jawabu lake lawafaa wengi. Asema: mashine ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo husimama kwa kuharibika kipande kidogo tu. Kipande hicho kina hataza, yaani aliyekibuni ndiye peke yake mwenye idhini ya kukitengeneza na kukiuza. Bei yake ni kubwa, na kuja kwake ni kwa majuma. Yeye fundi aweza kukichonga kwa siku mbili. Je, akikichonga huwa ameiba?

Baadhi ya watu wamemjibu upesi kwamba elimu haina mwenyewe, na kwamba mwenye kuficha elimu amekwisha kemewa na Mtume (s.a.w.), basi na achonge bila ya wasiwasi. Jawabu hili ni tamu, lakini waliolitoa hawakuuliza kwanza hataza ni kitu gani.

Hataza ni mapatano baina ya mbunifu na dola. Mbunifu huandika wazi, kwa maneno na michoro, namna chombo chake kinavyofanya kazi, na maandishi hayo huwekwa mahali pa kusomwa na kila mtu. Dola nayo huwazuia wengine wasikitengeneze kwa muda, ambao kwa kawaida ni miaka 20. Muda ukisha, chombo ni cha watu wote. Tena hataza haivuki mpaka: iliyotolewa Marekani haina nguvu Kenya ila iwe imesajiliwa kwa ajili ya Kenya. Kwa hivyo la kwanza limpasalo fundi wetu ni kwenda kuuliza kama kipande hicho kimesajiliwa huku. Huenda akaona hakikusajiliwa, na mas-ala yakaisha papo hapo.

Basi mwenye hataza hakuficha elimu. Mfichaji khasa ni mwingine. Katika Uingereza ya karne ya 17 palikuwa na jamaa ya matabibu wakiitwa Chamberlen, waliokuwa na koleo la kumtolea mtoto aliyekwama wakati wa kuzaliwa. Walilificha koleo hilo kwa zaidi ya miaka 100, mkubwa akimrithisha mdogo. Yasimuliwa kwamba walilichukua ndani ya sanduku, na mzazi akifungwa kitambaa cha macho asilione. Mwaka 1813 baadhi ya vyombo vyao vilikutwa chini ya sakafu ya nyumba yao ya zamani katika jimbo la Essex. Ni wanawake wangapi waliokufa na watoto wao katika miaka hiyo, na chombo cha kuwaokoa kimo sandukuni?

Umbali ulioje baina ya hao na Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki yapata mwaka 1013! Yeye katika sehemu ya 30 ya kitabu chake al-Tasrif alichora vyombo vya upasuaji karibu 200, kila kimoja na matumizi yake, ili ajaye baada yake aweze kuvitengeneza. Gerard wa Cremona alikifasiri kwa Kilatini katika karne ya 12, na matabibu wa Ulaya wakakitegemea kwa mamia ya miaka. Hapa wengi wetu hupenda kusimama na kujifakhari. Laiti wenye kujifakhari wangalimpeleka mwana mmoja katika kila mtaa akasome ufundi huo wa vyombo vya tiba, fundi wetu asingalikuwa peke yake.

Sasa, je, haki hii ya mbunifu ni mali kisharia? Maulamaa wa Majma' al-Fiqh al-Islami walikutana Kuwait mwaka 1988 wakaamua kuwa haki za ubunifu ni haki zenye thamani ya mali, zalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Nasi twaona hivyo. Chombo cha tiba hakikushuka kutoka mbinguni. Kimeliwa na miaka ya kazi na fedha za majaribio, na aliyetoa jasho ana ujira wake.

Lakini kusema kuwa ni mali siko kumaliza maneno, bali ni kuyaanza, kwani chakula nacho ni mali. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kisomwacho katika darsa zetu, mtu aliyefikwa na dharura ya njaa akakuta chakula cha mwenziwe asiyekuwa na dharura kama yake, humpasa mwenye chakula ampe. Akikataa, yule aweza kumlazimisha. Walakini hapewi bure: atalipa thamani yake, taslimu akiwa nayo, na akiwa hana itakuwa deni. Na kama mwenyewe hayupo, atakula kisha atalipa. Tazama namna fakihi alivyozishika haki mbili kwa pamoja, asiiache roho ikafa kwa ajili ya mali, wala asiifanye njaa kuwa ni ruhusa ya kudhulumu.

Ajabu ni kwamba sheria za mataifa zimefika karibu na hapo. Mapatano ya biashara yaliyotiwa sahihi Marrakush mwaka 1994 yairuhusu nchi kumpa mtu mwingine idhini ya kutengeneza kitu chenye hataza bila ya ridhaa ya mwenyewe, kwa sharti alipwe ujira unaofaa. Na Sheria ya Kenya ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 nayo ina mlango huo. Tatizo ni kuwa mlango haufunguliwi ila kwa shida. Zama za korona, Oktoba 2020, India na Afrika Kusini ziliomba hataza za chanjo, dawa na vyombo vilivyohitajiwa kwa maradhi hayo zisimamishwe kwa muda. Uamuzi ulipotoka Juni 2022 uligusa chanjo tu. Mashine za kupumulia na vipimo viliachwa nje, na waliokuwa wakivihitaji wengi wao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Na yuko aliyefanya zaidi ya haki, akatenda ihsani. Mashine ya figo yenyewe aliifanyiza daktari Willem Kolff katika mji wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, kwa ngozi za bandia za soseji alizozizungusha juu ya pipa la mbao. Vita vilipokwisha aligawa mashine zake kwa hospitali za nchi nyingine bila ya malipo, na michoro akawapa madaktari wa Boston. Hatuwezi kumlazimisha kila mtu kuwa Kolff. Ihsani hailazimishwi.

Basi jawabu letu kwa fundi, ikiwa kipande kimesajiliwa huku, ni hili. Akichonga vipande ili avifungulie duka, amekula mali ya mtu, hata akiuza kwa bei nafuu. Ama hospitali ikiwa haina njia nyingine, na wagonjwa wahitaji mashine mara mbili au tatu kwa juma, na kuikosa kwao ni kufa, hiyo ni dharura: achonge kwa kadiri ya haja, hesabu iandikwe, haki ya mwenye hataza iwe deni juu ya hospitali, na papo hapo hospitali iombe idhini ya Serikali kwa njia ya sheria. Haya ndiyo tuyaonayo, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Limebaki moja ambalo muulizaji hakuliuliza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kutibu watu na hali hajulikani kuwa na ujuzi wa tiba, ana dhamana ya madhara yatakayotokea. Kipande cha mashine ipitishayo damu ya mtu si kitasa cha mlango. Plastiki isiyofaa yaweza kutia sumu katika damu, na kipimo kikikosea kidogo, damu huvuja au hewa huingia. Kabla hakijatiwa mahali pake, kipimwe na wajuao, na iandikwe ni nani aliyekipima na siku gani. Asipopata wa kukipima, asikichonge.