Nani Apokee Toba ya Kiziwi?

Mikutano mingi ya watu wanaojinasua na pombe au unga huisha kwa namna moja. Watu husimama duara, hushikana mikono, huinamisha vichwa, hufumba macho, kisha humwomba Mungu kwa pamoja awape utulivu. Kwa anayesikia, hakuna dakika ya umoja kuliko hiyo. Kwa kiziwi, ni dakika ya kuachwa nje: mikono iliyoshikwa ndiyo anayosemea, na macho yaliyofumbwa ndiyo anayosikilizia. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Amesimama katikati ya wenzake, na dua imempita.

Tiba ya uraibu kwa sehemu kubwa ni maneno. Dawa zipo na zinasaidia: Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na mtumiaji wa heroini hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Lakini dozi hutuliza arosto. Yanayobaki, yaani aibu, hasira, vitu vya nyumbani vilivyouzwa, mama asiyeitikia salamu, hayatulizwi na kikombe. Hayo husemwa. Ndiyo maana katika nyumba za upataji nafuu, Zanzibar na Tanzania Bara, siku hupangwa kwa vikao: mtu husimulia, wenzake husikiliza, na mzigo uliokaa kifuani miaka mingi huanza kulegea. Kama kupona kunapitia katika kusikilizwa, kiziwi aponee wapi? Swali hilo ni la imani kabla halijawa la bajeti.

Mizizi ya utaratibu huo iko Akron, jimbo la Ohio, mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alimtafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye ili asirudie chupa. Akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Kutokana na mazungumzo yao kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, na mwaka 1939 kikatoa kitabu chenye hatua 12 ambazo leo zinafuatwa karibu dunia nzima, zikiwemo nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Hatua ya tano inamtaka mraibu akiri makosa yake mbele ya Mungu, mbele ya nafsi yake, na mbele ya mtu mwingine. Ya nane na ya tisa zinamtaka aorodheshe aliowadhuru na kuwafidia pale inapowezekana.

Msomaji Mwislamu ataona kitu anachokifahamu. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13 anayesomwa katika vyuo vingi vya pwani, alitaja masharti ya toba: kuacha dhambi, kuijutia, kuazimia kutoirudia, na kama kuna haki ya mja, kuirudisha. Masharti matatu ya kwanza hayahitaji shahidi. Mja na Mola wake wanatosha, na Uislamu haumdai mtu aungame kwa binadamu mwenziwe. La nne ndilo linalomtoa mtu nje ya chumba chake. Aliyeuza cherehani ya dada yake ili anunue kete hawezi kumaliza toba kimoyomoyo. Lazima amkabili dada, aseme, naye asemwe.

Basi hata pale ambapo Mungu hahitaji mkalimani, toba ikigusa watu huhitaji lugha yenye pande mbili. Hapo ndipo kiziwi hukwama, na anayemkwamisha si Mungu.

Waswahili husema mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo humlaumu aliyenyamaza. Lakini aliye na maradhi akakosa wa kumweleza hajaficha kitu. Mikono yake imesema mara nyingi, jikoni, barazani, kwenye benchi la zahanati, na waliokuwepo hawakuelewa. Lawama ya methali haimfai. Inabidi itafute mwenyewe.

Je, dini zenyewe ziliwahi kusisitiza kwamba toba lazima iwe na sauti? Zipo nyakati zilipokaribia. Mtakatifu Augustino, aliyefariki mwaka 430, aliandika akimjibu Julian wa Eclanum kwamba uziwi wa kuzaliwa nao huizuia imani, kwa kuwa imani huja kwa kusikia. Sentensi hiyo ilitumika kwa karne nyingi kama hukumu. Hata hivyo Augustino huyohuyo, katika mazungumzo na mwanawe Adeodatus juu ya namna mwalimu anavyofundisha, alitaja viziwi wanaoulizana na kujibizana kwa ishara bila shida. Katika karne ya 16, mtawa Mbenedikto wa Hispania, Pedro Ponce de León, aliwafundisha watoto viziwi wa makabaila kusoma, kuandika na hata kutamka, akashuhudia kwamba waliweza kuungama. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inaeleza wazi kwamba mtu hazuiwi kuungama kupitia mkalimani, na mkalimani huyo hufungwa na siri ya kitubio.

Kwa upande wa fikihi, jambo hili lilimalizwa mapema zaidi kuliko wengi wanavyodhani. As-Suyuti, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1505, aliandika kwamba ishara ya asiyesema huchukua nafasi ya tamko la msemaji katika mikataba. Majalla, sheria iliyotungwa na dola ya Osmani kati ya 1869 na 1876, iliweka kanuni hiyohiyo katika kifungu cha 70. Bubu anaweza kuoa kwa ishara, kuuza kwa ishara, kukiri deni kwa ishara. Mtu ambaye ishara yake inatosha kufunga ndoa, itakuwaje isitoshe kumtoa kwenye ulevi?

Upande wa msemaji, kwa hiyo, hauna kasoro. Kinachokosekana ni mpokeaji.

Kukosekana kwake huanza mlangoni. Kenya, mamlaka ya NACADA ina namba ya bure, 1192, kwa anayetafuta msaada wa uraibu. Ni huduma iliyookoa wengi, lakini namba ya kupiga na kuongea ni mlango wa wenye masikio. Ndani hukuta fomu. Watu hudhani kiziwi akipewa karatasi mambo yamekwisha, ilhali lugha ya alama ina sarufi yake, si Kiswahili kilichohamishiwa vidoleni, na kwa wengi waliozaliwa viziwi Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili waliyojifunza kwa taabu. Halafu kuna siku za kwanza za kuacha pombe, mikono inapotetemeka. Kwa msikiaji hilo ni dalili tu. Kwa kiziwi ni kigugumizi. Na mgonjwa aliyechachamaa akifungwa viganja kitandani kwa usalama wake, kiziwi anakuwa amezibwa mdomo katika saa ambayo anahitaji sana kueleza kinachomuuma.

Wenye usikivu hafifu nao wana mlango wao uliofungwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma, na wengi wao hawajui lugha ya alama kabisa. Mzee aliyepoteza usikivu ukubwani, akaanza kunywa peke yake kwa sababu baraza limekuwa zogo lisiloeleweka, anataka mambo mengine: mwanga uwe usoni kwa msemaji, watu waseme mmoja mmoja, asijibiwe "hamna kitu" anapouliza kilichosemwa.

Familia zinapokosa mkalimani humtumia mtoto. Binti wa miaka kumi, anayesikia, huketi kati ya baba kiziwi na mshauri, akageuza kuwa sauti mambo ambayo baba angekufa kabla ya kumwambia bintiye. Hapo anayetibiwa huchagua: aseme ukweli amuumize mtoto, au aseme uongo abaki mgonjwa. Hata mkalimani aliyefunzwa ana mipaka yake. Jamii ya viziwi katika mji mmoja ni ndogo. Aliyetafsiri kikao cha Jumanne ndiye atakayetafsiri harusi ya Jumamosi na kesi ya Jumatatu. Ataapa kutunza siri, na pengine ataitunza, lakini mraibu atahesabu maneno yake.

Injili ya Marko, sura ya 7, inasimulia Yesu akiletewa kiziwi. Wasomaji wengi hukimbilia muujiza. Kabla ya muujiza, Yesu alimtoa mtu yule kando, mbali na umati, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Hakumpigia kelele. Alibadilisha namna yake mwenyewe ya kusema, akatumia mguso na macho, akalinda faragha yake. Hizo ni kazi za mpokeaji, na hazihitaji uwezo wa kimuujiza.

Mjini Minneapolis, Marekani, mwaka 1989 ulianzishwa mpango wa hospitali kwa ajili ya viziwi na wenye usikivu hafifu waliozama katika pombe na dawa za kulevya. Wahudumu waliijua lugha ya alama ya Marekani, hivyo mgonjwa hakuzungumza kupitia mtu wa tatu. Pale ambapo wengine huandika insha juu ya hatua ya kwanza kati ya zile 12, wagonjwa wa Minneapolis walichora: gari lililogongwa, kitanda cha hospitali, watoto wakiwa upande wa pili wa mlango. Kisha wakasimama mbele ya viziwi wenzao na kuueleza mchoro kwa mikono. Walitoka majimbo mengi, kwa kuwa kwao hapakuwa na kitu kama hicho.

Wapo wanaouliza kama si ubaguzi kuwatenga viziwi katika kundi lao, na kama nyumba yenye waraibu 30 inaweza kubeba gharama kwa ajili ya mmoja. La kwanza lina jibu rahisi: Bill Wilson naye alimtafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, si mhubiri. La pili ni zito, na hapo fikihi ina msaada. Maiti akikosa wa kumsalia, dhambi huwa ya mji mzima. Wakijitokeza wachache, wote husalimika. Hiyo ndiyo faradhi kifaya. Kumpokea kiziwi anayetubu kunastahili kuhesabiwa hivyo. Haidaiwi kila nyumba ya upataji nafuu, kila imamu na kila padri ajue lugha ya alama. Inadaiwa wawepo wa kutosha, na wasipokuwepo, hakuna wa kujivua.

Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 11, alilielewa deni hilo kama wito. Alipohitimu Gallaudet, chuo cha viziwi nchini Marekani, mwaka 1954, hakubaki huko. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi Accra, kisha nyingine nyingi katika nchi zaidi ya kumi za Afrika, mpaka alipofariki katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Kiziwi aliwaendea viziwi.

Sheria leo zimesogea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja lugha ya ishara kuwa mojawapo ya lugha za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lugha inayofaa kutungia sheria inafaa pia kulilia ndani yake.

Nyumba nyingi za upataji nafuu huendeshwa na watu waliokuwa waraibu, na kwa kanuni hiyo mshauri anayemfaa kiziwi ni kiziwi aliyekwisha kuacha. Ugumu uko kwa yule wa kwanza, asiye na aliyemtangulia. Huyo anahitaji mkalimani wa kulipwa kwa miezi yote ya kukaa kwake, asiye ndugu wala jirani. Washauri wawili watatu waliojifunza lugha ya alama. Michoro na video badala ya fomu. Na baada ya kupata nafuu, mafunzo ya ushauri na mshahara. Fedha yake inaweza kutoka katika zaka ya maskini, sadaka ya Jumapili au fungu la wizara. Taasisi moja ikikubali kuanza, viziwi wenyewe, kupitia vyama vyao kama CHAVITA cha Tanzania, washirikishwe tangu siku ya kupanga, kwa sababu wao ndio wanaojua ni nani kati yao anayesubiri.